Gerezani, Jino la Milimita Moja

Mwaka 2006 mtaa wa Gerezani ulifuata saa za umeme. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Mtera, mitambo ikazidiwa, na mgawo wa umeme ukawa ndio unaoamua nani Dar es Salaam afanye kazi saa ngapi. Zamu yetu ilipoangukia usiku, mafundi walilala mchana juu ya maboksi chini ya meza za kazi, wakaamka magharibi, na mtaa ukaanza kukereza, kuchomelea na kusaga wakati Kariakoo inafunga maduka. Zamu ilipoangukia asubuhi, chai ilinywewa kwa kusimama.

Karakana yetu ilijibana nyuma ya duka la spea, karibu na Stesheni kiasi cha kusikia honi ya treni ya Reli ya Kati ikiondoka. Paa lilikuwa la bati, sakafu nyeusi kwa oili iliyokanyagwa miaka mingi. Mashine za kukereza zilikuwa mbili, na kubwa kati yake ilikuwa Colchester ya Uingereza, rangi imebanduka kila mahali panaposhikwa na mkono. Tulitengeneza bushi za daladala, shafti za pampu, rola za mashine za kusaga, na karibu kila kazi ilianza kwa maneno mawili: "Leta sampuli." Mteja alikuja na kitu kilichovunjika amekisokota kwenye gazeti. Fundi alikigeuza, akakipima kwa vania, akaandika tarakimu mbili tatu kwa chaki kwenye kifuniko cha mashine, na jua halijazama kikatoka kipya. Aliyetaka kuona mchoro alionyeshwa kile kilichovunjika.

Mimi niliajiriwa kwa ajili ya wateja wa aina nyingine. Viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wengi bado waliiita Pugu Road, vilikuwa vimeanza kuomba michoro kabla ya kutoa kazi, na bosi hakutaka kuwakosa. Alinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, Pentium 4 yenye skrini ya chogo, akaiweka kwenye chumba cha nyuma palipokuwa na stoo, akaniweka na mimi. Chuoni nilikuwa nimechora kwanza kwa penseli na rula ya T, kisha kwa AutoCAD, na mwishoni nikaonjeshwa programu ya kuchora vitu vyenye ujazo, ambayo unaweza kukigeuza kitu kwenye skrini ukakiona mgongoni. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulikuja kufika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya vibanda vya mjini ilipita kwenye setilaiti, ya polepole na ya gharama, kwa hiyo mwalimu wangu alikuwa kitabu kilichotolewa fotokopi, chenye kurasa ambazo picha zake zote zilikuwa zimegeuka madoa meusi.

Mashine kubwa ilikuwa ya mzee mmoja. Si kwamba aliimiliki. Hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa yeye akiwepo. Ukerezaji alijifunza kwa Wachina, kijana, enzi za ujenzi wa TAZARA, na kutoka kwao alibaki na maneno machache ya kuhesabia na tabia ya kupanga vifaa vyake kwenye kitambaa kwa mpangilio usiobadilika. Nilimwamkia kila siku, "Shikamoo mzee," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu" bila kuondoa macho kwenye chuma. Wenzake waliniita injinia, kwa utani. Yeye hakuniita hivyo hata mara moja, nami nikaelewa kuwa kwake huo haukuwa utani wa kuchezea.

Kazi ninayotaka kuieleza ililetwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi la Kariakoo. Alitaka timazi za brasi. Timazi alizokuwa akiuza zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi, nyepesi, zikiyumba upepo ukipita, na waashi walikuwa wanamrudishia. Alitaka mwili mzito, ncha kali, na kifuniko cha juu kinachofunguka ili kamba ipite katikati na fundo likae ndani. Kifuniko hicho kilimpa maneno mengi kuliko kitu kingine chochote. Mwashi, alisema, mikono yake ina simenti na maji kutwa nzima. Kifuniko kikiwa laini hakitafunguka, atatafuta koleo, koleo itakikwangua, na timazi itaonekana kuukuu ndani ya wiki moja. "Kiwe na kale kaukwaru," akasema, akisugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada.

Kale kaukwaru kwenye karakana kaliitwa nalingi. Ni mifereji midogo iliyochongeka kwa ulalo kuzunguka chuma, mmoja ukielekea kushoto, mwingine kulia, ikipishana kama ukili wa mkeka hadi uso wote ukajaa vinundu vyenye ncha. Utaiona kwenye mpini wa mikromita, kwenye kishikio cha tepu ya kukatia thredi, kwenye vyuma vya kunyanyulia uzito, popote ambapo mkono unatakiwa kukamata duara bila kuteleza. Vyuo vingi vya ufundi vina zoezi lake: mwanafunzi anapewa kipande cha chuma atengeneze senta panchi, na sehemu ya kushikia anaipiga nalingi. Nami nilikuwa nimepiga ya kwangu. Nilidhani naijua.

Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kazi yake. Ni mkono wa chuma wenye kichwa kinachocheza, na kwenye kichwa hicho kuna magurudumu mawili magumu, kila moja likiwa na meno yaliyolala upande wake. Mzee alikifunga mahali pa kisu, akaishusha mashine hadi mwendo wa chini, akapaka oili kwa brashi. Hakuyaweka magurudumu katikati ya chuma. Aliyaanzisha ukingoni, nusu ya upana wao ikiwa nje, kwa sababu huko yanahitaji nguvu ndogo kuzama. Aliyakandamiza kwa mkupuo mmoja, akaacha chuma kizunguke mara moja, akasimamisha mashine na kuinama kutazama. Alama zikiwa zimeingia kwenye njia yake, aliendelea. Zikiwa zimejirudia katikati, meno mawili mahali pa moja, alirudi nyuma, akakiondolea chuma unywele mmoja kwa kisu, akaanza upya. "Gurudumu likikosa njia mwanzo," aliniambia, "halitaipata mbele."

Mwenye duka hakutaka kutoa advansi kabla ya kuona timazi itakavyokuwa. Kutengeneza moja ya mfano kungemaliza umeme wa zamu nzima, na brasi haikuwa rahisi. Bosi akaingia chumba cha nyuma. "Si unasema hiyo kompyuta inatoa picha ya kitu kabla hakijawepo? Mtolee picha." Mwili wa timazi ulikuwa kazi nyepesi: unachora nusu ya umbo, unaizungusha kwenye mhimili, umemaliza. Kifuniko nacho kilikuwa silinda yenye kipenyo cha milimita 20 na urefu wa milimita 20. Kilichobaki ni nalingi, na hapo nikagundua kwamba kompyuta haitaki kuambiwa "piga nalingi". Inataka kuambiwa jino lina upana gani, linazama kiasi gani, limelala digrii ngapi, na yako mangapi. Karakana nzima haikuwa na mtu aliyewahi kuyatamka hayo. Nilimwuliza mzee jino lake ni la ukubwa gani. Akayachomoa magurudumu kwenye kichwa, akayafuta, akaniwekea mkononi. "Muulize mwenyewe."

Meno yalikuwa madogo mno kwa vania. Nilichukua kipande cha sabuni ya kufulia kilichokuwa kwenye ndoo ya kunawia, nikakilainisha uso kwa kisu, nikaliviringisha gurudumu moja juu yake kwa kulikandamiza. Likaacha safu safi ya mistari. Nilipima meno kumi kwa pamoja, desturi ya mpimaji yeyote wa vitu vidogo, na kumi yakachukua milimita kumi kasoro unywele. Jino la milimita moja. Kwa kipimapembe cha plastiki nikasoma ulalo: digrii 30 kutoka kwenye mhimili. Pembe ya jino lenyewe ilikuwa digrii 90, ambayo ndiyo ya kawaida, na pembetatu ya namna hiyo yenye upana wa milimita moja ina kina cha nusu milimita. Nikaviandika vyote kwenye daftari, sabuni nikaiacha mezani.

Hesabu iliyofuata niliifanya kwa kikokotoo, na ndiyo iliyonifungua macho kuhusu kule kuinama kwa mzee. Silinda ya milimita 20 ina mzingo wa milimita 62.83. Jino la milimita moja likilazwa digrii 30 linachukua milimita 1.155 za mzingo huo. Ukigawanya unapata 54.4. Meno 54 na kipande. Lakini kipande cha jino hakipo: gurudumu likimaliza mzunguko lazima liangukie kwenye shimo la kwanza, au likanyage katikati na kuchora alama zilizojirudia. Ule unywele mmoja ambao mzee aliuondoa kwa kisu ulikuwa ndio njia yake ya kukiondoa kipande kama hicho. Kwa desimali nilizoandika mimi, kipenyo kinachobeba meno 54 kamili ni milimita 19.85. Kipenyo cha namna hiyo yeye alikipata kwa jicho, kwa mzunguko mmoja na kuinama.

Kwenye skrini kazi ilikwenda hivi. Nilichora duara, nikalivuta likawa silinda, nikakata kingo zote mbili kwa digrii 45, maana nalingi inayoishia kwenye ukingo mkali huchana kidole. Kisha mstari wa parafujo, yaani njia ambayo mfereji utaifuata kuzunguka silinda. Hapo wengi wanaoanza huchora kitu kinachofanana na springi, mizunguko mingi iliyobanana. Kwa ulalo wa digrii 30, mstari huo unahitaji urefu wa karibu milimita 109 ili umalize mzunguko mmoja, na kifuniko changu kilikuwa na milimita 20 tu. Mfereji unaingia chini, unapinda digrii 66 hivi, unatokea juu. Hauzunguki hata robo. Ukiangalia nalingi iliyokamilika hutakisia, kwa sababu jicho linaruka kutoka mfereji hadi mfereji na kudhani ni mmoja. Nilirefusha mstari kidogo kila upande ili pembetatu inayokata itoke nje kabisa ya chuma, nikaiburuza pembetatu juu ya mstari, na mfereji wa kwanza ukatokea. Nikauamuru urudiwe mara 54 kuzunguka mhimili.

Programu ikakataa. Pembetatu zangu zilikuwa zimegusana ubavu kwa ubavu, na kati ya mfereji na mfereji palibaki ukingo usio na unene wowote. Kwa mahesabu ya kompyuta, ukingo wa namna hiyo si chuma wala si hewa, haiwezi kuamua. Nikaipunguza pembetatu kidogo, kila mgongo ukabaki na bapa jembamba, ikakubali. Baadaye nilichukua kioo cha kukuzia nikatazama nalingi ya mzee: migongo yake nayo ilikuwa na vibapa juu, kwa kuwa ncha ambayo haikujazwa kabisa na chuma haifiki kuwa kali, na mkono wa mwashi unaishukuru.

Upande wa kushoto ukawa tayari. Ule wa kulia ulipaswa kuwa marudio tu, mstari uleule ukielekezwa kinyume, lakini kila mfereji mpya sasa ulilazimika kukatiza mifereji iliyotangulia, na kila makutano ni hesabu yake. Nilifanya mahesabu hayo kwenye karatasi nikingoja. Kwenye kifuniko kile kimoja panatokea karibu vipiramidi 1,080, kila kimoja kina nyuso nne, kwa hiyo zaidi ya nyuso 4,000 kwenye kitu kinachoingia ndani ya kiganja. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512. Feni yake ilipanda sauti hadi mwanafunzi wa ufundi akachungulia kuuliza kama kuna moto. Umeme wa zamu yetu ulikwisha katikati ya hesabu, na kwa kuwa nilikuwa nimehifadhi faili kabla ya upande wa kulia, nikalala juu ya maboksi na mafundi wengine kungoja magharibi.

Usiku ule picha ilitoka. Niliipa rangi ya brasi na mwanga kutoka kushoto, nikakigeuza kifuniko taratibu, vinundu vikawa vinawaka kimoja kimoja. Karakana yote ilihamia chumba cha nyuma. Vijana wakaitana. Bosi alinyoosha kidole akagusa skrini, akakitazama kidole. Tulichapisha kwa printa ya rangi mjini, na mwenye duka alipoiona alitoa advansi siku hiyohiyo. Picha ile ilibaki imebandikwa ukutani nyuma ya mashine ya kusagia visu hadi vumbi likaifuta.

Mzee alikuja wa mwisho, wenzake walipokwisha kutawanyika. Aliomba nikigeuze kifuniko, nikakigeuza. Akaomba nimwonyeshe jinsi kilivyotengenezwa, nikairudisha nyuma ile orodha ya hatua iliyo kando ya skrini, silinda tupu, mfereji mmoja, mifereji 54, kisha ile ya upande wa pili. Alitazama kwa makini kuliko yeyote. Kisha akauliza: "Chuma kilichokuwa humu kwenye mifereji kimekwenda wapi?"

Nikamwambia kimekatwa, kimeondolewa.

"Mimi sikati," akasema. Akanichukua hadi kwenye mashine yake. Chini ya kisu cha kawaida, trei ilikuwa imejaa chenga za brasi. Chini ya kifaa cha nalingi palikuwa na vumbi kidogo tu la magamba, lisilojaza kijiko. Akaona ile sabuni yangu ikiwa bado mezani, akaichukua, akapitisha kidole gumba juu ya mistari ya gurudumu. Akanipa nipitishe changu. Mistari ilikuwa imesimama juu ya uso wa sabuni. Pale jino lilipozama, sabuni haikuwa imetoweka. Ilikuwa imesukumwa pembeni ikapanda. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika upana na ulalo kutoka kwenye sabuni ileile, na kupanda huko kulikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Maana yake ilikuwa kubwa kwa kazi. Kwenye kompyuta, silinda ya milimita 20 ikichorwa mifereji inabaki milimita 20, kwa sababu mfereji hutoa tu. Kwenye mashine, silinda ya milimita 20 ikipigwa nalingi inanenepa. Mzee alikuwa akiianza chini ya kipimo siku zote. Nilimwuliza anapunguza kiasi gani. "Nusu ya jino na kidogo," akajibu, "halafu naangalia chuma chenyewe kinasemaje." Kwa jino la milimita moja, hiyo ni kuanza na milimita 19 na kidogo ili umalizie kwenye 20. Kifuniko kikinenepa kupita shingo ya timazi kitatengeneza ngazi, na ngazi hiyo ndiyo itakayokwangua mfuko wa mwashi.

Nikaenda kuitafuta kanuni kwenye vitabu vya chuo. Wajerumani wanayo, DIN 82 ya mwaka 1973. Inapanga nalingi kwa herufi: RAA ni mistari inayofuata mhimili, RBL na RBR ni ya ulalo wa upande mmoja, kushoto au kulia, na RGE ni ile ya kupishana yenye vinundu vilivyopanda, ambayo ndiyo tuliyoitaka. Kwa kila aina imeandikwa kipenyo cha kuanzia. Kwa mistari ya upande mmoja, toa nusu ya jino. Kwa RGE, toa jino mara 0.67. Nusu na kidogo. Sikumpelekea mzee kitabu. Nilimwambia tu kwamba Wajerumani wamekubaliana naye. Akasema, "Walikuwa na mashine."

Kulikuwa na tofauti ya pili, ambayo niliiona timazi za kwanza zilipoanza kutengenezwa. Kwenye orodha yangu ya hatua, nalingi ilikuja mwisho kabisa. Kila anayechora kwa kompyuta huiweka mwisho, kwa kuwa ni nzito, na chochote utakachokibadilisha juu yake kitailazimisha mashine ihesabu upya vinundu vyote. Mzee aliipiga mwanzo, mara tu baada ya kusawazisha uso na kukereza kipenyo, chuma kikiwa bado fimbo nzima iliyobanwa imara. Magurudumu yanasukuma kwa nguvu kubwa ya ubavuni. Ukikwisha kutoboa tundu la kamba na kukata thredi ya ndani, kifuniko kimekuwa ganda, na kulikandamiza ni kulipinda. Thredi itakaza upande mmoja, tundu litatoka kwenye mhimili, na timazi ambayo kamba yake haipiti katikati ni mzigo tu wa brasi. Kwa hiyo: uso, kipenyo, nalingi, kingo, tundu, thredi, kisha kukata kutoka kwenye fimbo. Kitu kilekile, na safari mbili za kukifikia ambazo zinakutana mwishoni tu.

Mchoro wa kazi nilioutoa kwenye chumba cha nyuma haukuwa na kinundu hata kimoja. Nilizima ile mifereji 108 kwenye orodha, silinda ikarudi kuwa laini, faili ikawa nyepesi na kufunguka papo hapo. Kwenye karatasi nilichora kifuniko kwa ubavu, nikajaza kona moja tu kwa mistari myembamba inayopishana, kuonyesha kwamba pale pana nalingi, na kutoka hapo nikavuta mshale hadi kwenye mstari mmoja wa maandishi: DIN 82, RGE 1.0. Chini yake nikaongeza kipenyo cha kuanzia na kipenyo cha kumalizia. Mzee aliusoma, akautundika kwenye msumari, na sikumwona akiutazama tena. Timazi zilikerezwa usiku baada ya usiku kwa zamu za mgawo, na mwenye duka akarudi kuagiza nyingine.

Nimechora kwa kompyuta tangu wakati huo, na nalingi imenifuata. Siku hizi kuna printa zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka kwa plastiki, na kwazo hesabu imegeuka. Printa haina gurudumu la kulazwa juu ya silinda, na ukiiandikia DIN 82 haitasoma. Itatoa kile ilichoonyeshwa tu, kwa hiyo kinundu usichokichora hakitakuwepo. Kwa kazi hizo nairudisha mifereji yote, naupanua upana wa jino kupita milimita moja kwa sababu uzi wa plastiki unaotoka kwenye pua ya printa ni mnene kwa vinundu vidogo hivyo, na naiacha kompyuta ihesabu. Hapo ule uzito wote una mlaji.

Vijana ninaofanya nao kazi huniuliza kwa nini kwenye michoro ya chuma naandika vipenyo viwili vya nalingi, wakati kanuni yenyewe imekwisha kusema na fundi yeyote anapaswa kujua. Mmoja aliniambia ni kumdharau fundi. Nilifikiria neno hilo kwa muda, kwa kuwa lina haki yake: mzee wa Gerezani hakuhitaji kipenyo changu cha kuanzia, alikuwa nacho mkononi kabla sijazaliwa. Lakini mchoro wetu sasa unatumwa kwa barua pepe kwenye karakana ambayo sitaiona, na anayesimama mbele ya mashine huenda ni mtu wa mwezi wa kwanza aliyekabidhiwa karatasi na fimbo ya chuma, asiye na wa kumwuliza. Kwa huyo, kile ambacho mzee alikiweka kwenye jicho lazima kiwe kimeandikwa. Nikijua anayepokea ni fundi wa miaka mingi, nafuta kipenyo cha kwanza na kumwachia. Nisipojua, naandika vyote viwili, na pembeni naongeza neno moja ambalo kanuni haikulazimisha: nalingi kwanza, tundu baadaye.